Figo la Dada

Tangu dada yake ampe figo, seremala alipiga randa kutwa bila kuhema. Lakini chumbani mambo yalilala. Mkewe akimgusa, yeye hugeukia ukutani.

Fundi wa rangi pale karakanani alimtania. "Umewekewa figo la kike, bwana! Angalia usije ukaanza kusuka nywele!"

Seremala alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkwama kama mwiba wa samaki. Akaamini kwamba figo la dada linamgeuza, na kwamba vidonge alivyopewa kulilinda ndivyo vinavyolitia nguvu. Akaanza kuvitupa. Dada akija kumjulia hali, yeye hujificha.

Mkewe aliona vidonge kwenye vumbi la mbao. Hakupiga kelele. Alimpeleka kliniki.

"Sema mwenyewe, baba watoto, au niseme mimi?"

Muuguzi, mama mtu mzima, akafunga mlango.

Seremala akatazama sakafu. "Tangu niwekewe figo la mwanamke, uanaume umekwisha. Vidonge nimekuwa nikivitupa."

"Mwanangu, figo huchuja damu tu. Halijui mke wala mume. Wanaume wengi waliopandikizwa figo hupata shida hii. Ugonjwa wa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na kushusha homoni. Baadhi ya dawa za presha huchangia. Na hofu nayo ni mtu wa tatu kitandani."

"Kuna jamaa anauza dawa za nguvu..."

"Usithubutu! Zinaweza kugombana na dawa zako. Daktari ndiye atakayekupima na kukupa inayokufaa. Ila ukiacha vidonge vya kulinda figo, mwili utalikataa. Dada yako atakuwa amepasuliwa bure."

Seremala akafunika uso kwa mikono. Mkewe akamshika bega.

Vipimo vilionyesha figo limeanza kulegea. Alilazwa, akatibiwa, likapona. Daktari akambadilishia dawa ya presha, akampa na nyingine ya kumsaidia chumbani. Mambo yalirejea polepole. Siku ambazo hayakuwezekana, mume na mke walizungumza, na ukuta ukabaki peke yake.

Dada alipokuja tena, seremala hakujificha.

"Nilikaribia kuliua figo lako, dada. Nisamehe."

Dada akatikisa kichwa.

"Ni lako," akasema. "Mimi ninalo langu."

Seremala akakung'uta vumbi mikononi, akachukua kidonge chake, akameza.