Jicho la Lopeyok na Kibanio cha Upinde

Asubuhi ya Kanamkemer, pembeni mwa mji wa Lodwar, huanza na upepo. Upepo hupiga mabati, vumbi huingia kwenye sufuria, na kila mama hukimbia kufunika uji wake. Awoi naye alifunika wa kwake. Kisha akakaa mlangoni, akaanza kusuka kikapu cha majani ya mkoma.

Mumewe, Lopeyok, alikuwa ameegemea ukuta akivaa viatu. Alinyoosha mkono kuchukua kiatu cha pili. Mkono ukapita pembeni ukashika hewa. Akajaribu tena. Awoi akainamia kikapu, akajifanya hajaona.

Jicho la kulia la Lopeyok lilikuwa limekufa. Mtu wa jicho moja hupata shida kujua kitu kiko mbali kiasi gani. Hilo Awoi hakuambiwa na mtu. Alilijua kwa kumtazama mume wake.

Mambo yalianza hivi. Palikuwa na mzungu mchimba visima hapa Lodwar, na Lopeyok alikuwa mlinzi wake. Mzungu huyo alikuwa na upinde wa ajabu. Haukuwa wa mti, kama ule wa wazee. Kila ncha yake ilikuwa na kigurudumu, na kamba na nyaya zilipita juu ya vigurudumu hivyo. Watoto waliuita upinde wa magurudumu. Mzungu alipomaliza kazi na kwenda kwao, mwaka wa tisini na tano, alimwachia Lopeyok upinde huo.

Ukawa riziki yao. Kila Jumapili marubani na watu wa mashirika walikuja kwenye nyumba ya wageni karibu na mto. Lopeyok aliwafundisha kulenga shabaha kwenye magunia yaliyojazwa majani makavu. Kwa kazi hiyo binti yao, Amuria, alikuwa akisoma.

Halafu kamba ikachakaa. Jua la Lodwar halina huruma na kamba. Lopeyok akasema ataibadilisha mwenyewe. Babu yake alikuwa akikunja upinde wa mti kwa goti, anatoa kamba, anaweka nyingine, basi. Lopeyok akaweka goti. Upinde haukutikisika. Akaleta jeki ya gari na ukanda wa ngozi ya ngamia, ule ule ambao watu hufungia kila kitu wanachotaka kisifunguke. Akafunga upinde kwenye chuma cha kitanda, akapiga jeki mpaka kamba ikalegea.

"Ngozi ya ngamia haikatiki," alimwambia Awoi siku ile.

Ni kweli, haikukatika. Iliteleza. Upinde ulijirudisha kwa kishindo, na mpini wa jeki ukaruka ukampiga usoni. Daktari alisafisha jicho, akalifunika, akatikisa kichwa.

Sasa, akiwa pale mlangoni, Awoi aliona kitu kinang'aa chini ya kitanda.

"Baba Amuria, hicho ni nini?"

"Chuma."

"Chuma gani?"

"Unauliza kama askari wa kizuizi cha Kainuk! Ni cha gereji. Wanabania springi za gari. Hiki hakitelezi kama ngozi."

"Hata ngozi ulisema haikatiki."

Lopeyok akafunga kamba ya kiatu kwa nguvu. "Meneja wa nyumba ya wageni amesema watu wanakuja Jumapili. Kama upinde hauna kamba mpya, kazi hakuna. Unataka Amuria atoke shule?"

"Nataka Amuria awe na baba anayemwona."

"Nitakuwa mwangalifu."

"Siku ile hukuwa mwangalifu?" Awoi aliweka kikapu chini. "Sawa, bania. Lakini kwanza nikufunge jicho hilo lililobaki kwa kitambaa. Kaa hivyo mpaka jioni. Tafuta maji, tafuta mlango, tafuta choo. Ukiona unaweza kuishi hivyo, nitakushikia hicho chuma mimi mwenyewe."

Lopeyok akauliza, sauti ikiwa chini, "Sasa tufanye nini?"

"Twende Kakuma kwa Hodo. Duka lake lina kila takataka ya wazungu. Akikosa chombo, hatakosa mtu wa kutuelekeza."

Walipata nafasi juu ya lori la mahindi. Upinde waliufunga ndani ya shuka.

Hodo ni Msomali anayeuza vyuma na vyombo pale Kakuma, na Awoi humuuzia vikapu. Alipowaona alicheka, akasalimia kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama Amuria! Vikapu viko wapi? Leo umeniletea mume?"

"Leo nimeleta mume."

Hodo akaliona jicho. Kicheko kikakatika. "Pole, abaayo," alimwambia Awoi, kama Wasomali wanavyomwita dada. "Kaeni kwanza."

Aliposikia habari yote, aliingia nyuma ya duka akarudi na vyuma viwili. "Vilikuwa kwenye sanduku la yule yule mchimba visima. Aliniuzia alipokuwa akiondoka. Vyote alivileta kwa ajili ya kubania upinde, lakini watu wanadhani ni vya gari. Mmoja alitaka kunyooshea kitanda."

Kumbe, aliwaza Awoi, chombo kilikuwa hapa siku zote, kinalala vumbini, na mumewe anapiga jeki Lodwar.

Cha kwanza kilikuwa mnyororo wenye kulabu mbili. Cha pili kilikuwa kizito zaidi, kina pedi pana na skrubu ndefu katikati. Vyote viwili mtu angeweza kubeba kwenye mfuko. Lopeyok alichukua ule mnyororo.

"Hiki. Ni chepesi, na kinafanya kazi haraka."

Hodo akaushika mnyororo upande wa pili. "Sikuuzii mpaka mzee Wal akione. Nimeuza misumari, nimeuza kufuli. Msiba sijauza bado."

Alimwita jirani yake. Mzee Wal ni mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan. Kabla ya vita alifanya kazi kwenye kambi ya wawindaji wa kigeni huko kwao, akitunza pinde zao. Aliufungua upinde kutoka kwenye shuka polepole, kama mtu anayefunua mgonjwa.

"Nyinyi watu wa Sudan ni wa mikuki," alisema Lopeyok. "Upinde mmejulia wapi?"

"Na nyinyi Waturkana ni wa ngamia," alijibu Wal. "Mbona ngozi yake imekutupa?"

Hodo akaziba mdomo. Lopeyok akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu aumie.

"Nikuulize," alisema Wal. "Upinde wa babu yako, ukitoa kamba, unakuwa nini?"

"Unakuwa fimbo."

"Huu hauwi fimbo. Tazama mikono yake miwili, wa juu na wa chini. Hata sasa, ukiwa umelala hapa, mikono inavuta. Nyaya na kamba ndizo zinazoizuia. Ukitoa kamba bila kubana mikono sawasawa, nguvu yote inatoka mara moja. Ukikata kamba kwa kisu, ni hivyo hivyo. Inatafuta pa kwenda, na wewe ndiye uko karibu."

Lopeyok akagusa shavu lake.

"Sasa tuchague kibanio. Jambo la kwanza, uliza kimetengenezewa upinde wa namna gani. Pinde hizi hazifanani. Kibanio kinachofaa upinde mmoja kinaweza kuvunja mwingine." Aliinua ule mnyororo. "Huu haukutengenezwa kiwandani. Mtu ameunga mwenyewe. Kulabu ni nyembamba, zinashika ncha tu. Mkono ukijisokota kidogo, kulabu inachomoka. Na hapa palipolehemiwa, ona, pameanza kuachia."

"Na hiki kizito?"

"Hiki ndicho cha upinde wenu hasa. Pedi zake ni pana na zina mpira, hazili mikono. Kinabana juu na chini kwa pamoja, kwa usawa. Zungusha skrubu."

Lopeyok akazungusha.

"Achilia ghafla."

Akaachilia. Skrubu ilibaki pale pale.

"Hilo ndilo la kutazama," alisema Wal. "Ukipiga chafya, ukiitwa, mkono ukiteleza, kibanio kizuri hakirudi nyuma. Kibanio kinachongoja nguvu za mkono wako si kibanio."

Awoi alimwondolea mumewe aibu ya kuuliza. "Mzee, na kile cha gereji, cha springi?"

"Kile ni cha kubania chuma, mama. Mkono wa upinde si chuma. Kitauponda upande mmoja, na upande wa pili utaruka."

"Na mtu asiye na kibanio kama hiki?"

"Asiguse. Apeleke kwa mwenye nacho."

Lopeyok alisimama. Uso ulikuwa umechangamka. "Basi tubanie sasa hivi. Jumapili iko karibu."

"Bado," alisema Wal. "Hodo, nipe pamba."

Alipitisha pamba kwenye mkono wa juu wa upinde, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilipita safi. Akaipitisha kwenye mkono wa chini. Katikati pamba ilinasa, ikaacha nyuzi nyeupe, kama manyoya ya mbuzi kwenye ua wa miiba.

Wal akauelekeza mlangoni kwenye mwanga. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

"Malesh, ndugu yangu. Pole. Siku ile ngozi ilipoteleza, upinde nao uliumia."

"Mimi sioni kitu," alisema Lopeyok. Aligeuza kichwa huku na huku. "Awoi, kuna ufa?"

Awoi alimshika kidole, akakipitisha pale. Ukucha ukakwama.

"Tubanie kidogo tu, mzee," Lopeyok alisema. "Kidogo tu. Kwa Jumapili moja."

"Hata kidogo, sibani. Kibanio kizuri hakiponyi upinde uliopasuka. Utavunjika ndani ya kibanio, au utavunjika mkononi mwa mgeni wako akiuvuta."

Lopeyok akakaa juu ya gunia. "Basi kazi imekwenda," alisema. Hodo aliuchukua ule mnyororo, akauweka juu ya jiwe, akazipiga kulabu zake kwa nyundo mpaka zikalala. Kibanio kizito akakiweka kando. "Hiki simuuzii mtu mwingine. Ukipata upinde mzima, njoo."

Jumapili ile hakukuwa na shabaha. Meneja alikasirika. Lopeyok alimwambia bila kuficha: "Umepasuka. Mgeni akiuvuta utamvunjikia usoni, kama mimi." Meneja alilitazama lile jicho. Akaufunga upinde ndani ya gunia, akaupeleka kwa fundi Nairobi, ukabaki huko.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Mvua haikunyesha. Amuria alikaa nyumbani muhula mzima. Awoi alisuka mpaka vidole vikapasuka. Jirani mmoja alimwambia, "Ungemwacha tu mumeo abanie. Pengine ingekubali." Neno hilo lilimchoma. Usiku alijiuliza kama ni yeye aliyeleta njaa ndani ya nyumba. Kisha alimsikia Lopeyok akipumua karibu naye, akiwa na jicho lake moja zima, naye akapata usingizi.

Mwishowe rubani mmoja akaleta upinde mwingine wa aina ile ile. Ulikuwa mzima, lakini kamba yake imechoka. Mzee Wal, akiwa mkimbizi, hakuweza kutoka kambini bila kibali. Kwa hiyo Lopeyok na Awoi waliupeleka wenyewe Kakuma, uani kwa Hodo.

Wal alimwachia Lopeyok kazi, akasimama pembeni. Pamba ilipita safi mikono yote miwili. Lopeyok akavaa miwani mipana ya kulinda macho, yenye vioo vinavyoonyesha. Awoi na Hodo waliondolewa mbele, wakasimama mbali, nyuma yake. Alikaza pedi mahali pake, juu na chini. Akazungusha skrubu kidogo, akatazama pande zote mbili kama zimelingana, akazungusha tena. Uso wake aliuweka kando, si juu ya upinde. Awoi alikuwa ameshika kanga yake kwa meno.

Kamba ikalegea. Lopeyok alitaka kuongeza.

"Inatosha," alisema Wal. "Bana mpaka kamba itoke tu. Usizidishe."

Akatoa kamba ya zamani. Akaweka mpya. Akahakikisha imekaa vizuri kwenye mifereji ya magurudumu. Akafungua skrubu taratibu, kama alivyoifunga, mpaka kibanio kikawa huru.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Khalas. Imekwisha."

"Haikutoa sauti."

"Haitakiwi kutoa sauti."

Lopeyok alibaki ameshika kamba ya zamani. Akavua miwani, akaziba jicho lililokufa kwa kiganja, akainama.

"Kumbe ni hivi tu," alisema. "Mama Amuria, kumbe ni hivi tu."

Awoi alikwenda akasimama karibu naye.

Hodo aliwauzia kile kibanio, na wageni wakarudi Jumapili. Amuria alirudi darasani, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye. Tangu siku hiyo hakuna aliyeumia kwa upinde ule, kwa sababu hakuna anayeuvuta na kuuachia bila mshale, maana nguvu yote hurudi kwenye mikono yake na kuipasua, na hakuna anayebadilisha kamba bila kibanio kile.

Siku hizi watu wa mashirika wenye pinde kama hizo humfuata Lopeyok Kanamkemer. Wengine huja na jeki, wengine na kamba za katani. Yeye hawagombezi. Huwakalisha mahali penye mwanga, upande wa jicho lake la kulia, anawaacha walitazame vizuri. Ndipo anauliza:

"Una kibanio gani?"