Shamba Lililopendeza Kutoka Juu

Jamani, nyumba hii ilikuwa na raha zake. Asubuhi hiyo mama alikuwa sebuleni akimnyonyesha kichanga wake, uji ukipoa mezani, mara mlio ukaanza juu ya paa. Mumewe, ambaye majirani walishambatiza Rubani, alikuwa amerusha tena droni yake, kile kindege cha kupiga picha.

Kabla ya kujifungua, mama ndiye aliyelikagua shamba la mahindi kwa miguu. Sasa kazi ilikuwa ya Rubani, naye habanduki barazani. Alirusha, akaketi, akainuka, akarusha tena. Hata chakula alikula amesimama.

"Tazama, mke wangu, kijani tupu," alisema, akimsogezea kioo cha rimoti.

Mama alikisogelea kioo. "Baba, mbona sioni mistari? Udongo wa katikati uko wapi?"

"Mahindi yamenawiri, yameufunika."

"Umeingia shambani?"

"Niingie na matope yote haya, na ndege ninayo? Wewe lea mtoto."

Mama hakutulia. Kila mlio ulipopita aliliangalia jembe nyuma ya mlango, kavu tangu mvua zianze. Hebu niambie, wewe ungetulia? Mwishowe akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Shamba zima lilikuwa magugu. Yalimfika kiunoni. Alipoyapekua akayakuta mahindi, membamba, ya njano, yamesongwa hayana pa kupumulia. Akaketi papo hapo kwenye matope, akalia, kisha akampigia mumewe simu.

"Droni yako iko juu yangu. Nitafute. Unatuona?"

Rubani aliishusha kidogo, akatafuta, akatafuta tena. Kwenye kioo palikuwa na kijani tu. Aliitua ovyo uani, akakimbia shambani pekupeku.

Walipalilia pamoja mpaka viganja vikatoka malengelenge, ila walikuwa wamechelewa. Chakula cha ghalani kiliisha kabla kichanga hajaota jino.

Funzo

Ndugu zangu, msiseme nimewakataza droni. Rusheni, ina faida zake, na shamba kubwa huwezi kulizunguka lote kila siku. Lakini ikishatua, vaa buti uingie. Picha ikuonyeshe pa kwenda, isiwe sababu ya kukaa. Na anayelijua shamba lako akikuuliza mistari iko wapi, usimwambie alee mtoto.