Mkate Nyuma ya Beringi

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alipitia gereji ya shangazi yake, akatundika mkoba kwenye msumari na kuvaa ovaroli iliyomzidi urefu. Jina hilo alibandikwa kwa haraka zake. Siku moja alifika darasani amevaa viatu visivyofanana, na hakugundua mpaka mapumziko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Njoo unisaidie, huyu amegoma kutoka."

Aliyegoma alikuwa beringi, pete ya chuma isiyozidi upana wa kifuniko cha chupa. Shangazi alikuwa ameshusha giaboksi ya gari la mkunga na kufungua klachi. Nyuma ya injini, ndani ya tundu la katikati, beringi kuukuu ilikuwa imeng'ang'ania.

Mkunga mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Fundi, usiniangushe. Kesho alfajiri kuna mama mjamzito nampeleka hospitali, na hali yake hairidhishi."

"Hatuangushani, dada."

Shangazi alijaza grisi kupitia katikati ya beringi ili iisukume kutoka nyuma, akachomeka kipande cha nondo na kukigonga kwa nyundo. Grisi ikamrukia usoni, pua yote ikawa nyeusi. Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nondo inapwaya," alisema shangazi akijipangusa. "Tupate kitu kizito kuliko grisi. Chapuchapu, mkate wako uko wapi?"

"Mkate wangu, shangazi?"

"Utakula mwingine."

Basi mkate ukashindiliwa tunduni kipande baada ya kipande, na nyundo ikafanya kazi. Kwa kuwa haukuwa na pa kutokea, mkate ulijipenyeza nyuma ya beringi na kuisukuma nje kidogo kidogo, mpaka ikaanguka sakafuni. Chapuchapu alisahau njaa, akapiga makofi.

"Sasa safisha tundu, usibakize hata chembe," alisema shangazi. "Halafu unisubiri." Akaenda nyuma kunawa uso.

Chapuchapu alikwangua juu juu. Mkate uliobaki ulikuwa umeganda ndani kabisa, naye hakuwa na subira nao. Alitaka shangazi arudi akute kazi imekwisha. Akaweka beringi mpya ambayo shangazi alikuwa ameiandaa, akaigonga mpaka ikalingana na ukingo. Alipoizungusha kwa kidole, ilikwaruza.

"Umeshaiweka?" aliuliza shangazi aliporudi. "Ulisafisha mpaka mwisho?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi hakuwa na sababu ya kumshuku, akaanza kufunga klachi. Mkunga alikuwa akikunja kishuka cha mtoto na kukitia ndani ya mfuko wake. Chapuchapu alikitazama kile kishuka, roho ikamsuta. Giaboksi ikisharudi, hakuna ambaye angeona kitu, mpaka gari likwame njiani na yule mama akiwa ndani.

"Shangazi, ngoja! Nimedanganya. Mkate bado umo, na beringi inakwaruza."

Shangazi aliweka spana chini. Akaanza kuifungua tena klachi.

"Haya," alisema. "Tunaitoa. Ila hiyo imeshaharibika kwa kugongwa vibaya, inatakiwa nyingine, na duka la vipuri linakaribia kufungwa. Hapo sasa ndipo ninapoutaka uchapuchapu wako. Kimbia!"

Alikimbia huku miguu ya ovaroli ikimkwaza. Alimkuta muuzaji ameshashika kufuli, lakini beringi akaipata.

Safari hii alisafisha tundu kwa kitambaa, akamulika kwa tochi, akasafisha tena. Shangazi alikagua, ndipo akamwachia aigonge beringi taratibu kwenye ukingo wake wa nje. Alipoizungusha, haikutoa hata sauti. Jioni gari liliondoka likinguruma vizuri.

Kesho yake mkunga alisimamisha gari mlangoni, macho mekundu kwa uchovu lakini uso umejaa furaha. "Mtoto wa kike, na mama yake mzima!" Akampa Chapuchapu mikate miwili. "Mmoja wako, mmoja wa injini."

Walipomaliza kucheka, shangazi alimshika Chapuchapu bega. "Kuharibu kazi kila fundi ameharibu, hata mimi. Jana ulichelewa kusema kweli, lakini uliisema kabla giaboksi haijarudi, na ndiyo maana yule mama alifika hospitali. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika."

"Nimesikia, shangazi," alisema Chapuchapu. Kisha akamega mkate, na kwa mara ya kwanza alikula polepole.