Ukurasa wa Chumba Namba Tano

Jumamosi maji ya bomba yalifika Ng'ong'ona alfajiri, na kama kawaida Penina Matonya alikuwa wa kwanza kutoka nje. Alijaza mapipa mawili ya uani, akajaza ndoo za jikoni, kisha akafagia mbele ya vyumba vya wapangaji huku kanga ameizungusha mabegani, maana upepo wa Julai pale Dodoma haumwonei mtu huruma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Vyumba vilikuwa vinane, vyote vya wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani. Mama yake, Bi Anyesi, alivijenga kidogo kidogo kwa fedha za zabibu za shamba lake la Hombolo. Baba alikuwa dereva wa serikali kule Mtumba, leo yuko Mwanza, kesho yuko Lindi, kwa hiyo mambo ya vyumba aliyaendesha mama peke yake. Peke yake pamoja na Penina, ndivyo ambavyo Penina mwenyewe angesema.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Mpangaji akiingia alilipa kodi, na juu ya kodi aliweka amana ya mwezi mmoja. Siku ya kuondoka, kama hakuharibu kitu, alirudishiwa amana yake yote. Ili watu wasije wakabishana, kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Mama aliingia chumbani pamoja na mpangaji, akagusa kitu kimoja kimoja na kukitaja kwa sauti: kitasa, dirisha, taa, sinki, ukuta. Penina aliandika, na mpangaji akaweka sahihi chini yake. Mama aliishia darasa la nne na kalamu ilimchosha, lakini mwandiko wa Penina ulikuwa wa kupendeza, na kila mgeni aliusifia. Sifa hizo zilimpanda kichwani, tusifiche.

Aliyekuwa anahama siku hiyo ni Joha, mpangaji wa chumba namba tano, mwanafunzi wa ualimu kutoka Tanga. Alikuwa amepangiwa kwenda Kibakwe kufundisha kwa vitendo katika shule moja ya sekondari, na basi lake lilikuwa la kesho yake asubuhi. Godoro lilikuwa limeshakunjwa na kufungwa kamba, vyombo viko ndani ya ndoo.

"Shikamoo mama," alisema Joha, Bi Anyesi alipobisha hodi.

"Marahaba mwanangu. Umeshafunga mizigo yote? Basi tukague, nikupe amana yako ukapumzike."

"Ahsante mama. Hiyo amana ndiyo naitegemea. Kibakwe nimepata chumba, mwenyewe ameniambia nisipomlipa kesho jioni anampa mwalimu mwingine. Na nyumbani nimeshawaomba mpaka naona aibu."

Mama alianza kukagua, na Penina alimfuata nyuma akiwa amelikumbatia daftari. Kitasa kilikuwa kizima. Dirisha lilikuwa zima. Taa iliwaka. Kisha mama akafungua bomba la sinki, na kwa kuwa siku hiyo maji yalikuwa na nguvu, tone moja likadondoka chini ya sinki, halafu la pili. Mama aliinua kisahani cha sabuni. Chini yake palikuwa na ufa mwembamba, kutoka kwenye bomba hadi ukingoni.

"Ufa huu umetoka wapi, Joha?"

"Niliukuta mama. Nilipohamia ulikuwepo, ndiyo maana nikaufunika na kisahani. Nilijua umeandikwa."

"Penina, soma."

Penina alifungua ukurasa wa chumba namba tano. Mwandiko ulikuwa wake, tena mzuri kweli. Alisoma kwa sauti ndogo: "Sinki zima, halina ufa wala halivuji."

Joha alisogea, akauangalia ukurasa ule, akaiona sahihi yake.

"Sahihi ni yangu," alisema. "Siku ile nilikuwa nimesafiri tangu usiku. Niliweka sahihi tu, sikusoma."

Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimpigia simu fundi Sila, ambaye alikuwa anapiga lipu nyumba ya tatu kutoka pale. Fundi alifika na vumbi la saruji kwenye nyusi, akawasalimu wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kisha akainama chini ya sinki na kuupitisha ukucha kwenye ufa.

"Hili usilidanganye kwa gundi, Mama Penina. Mwezi mmoja tu litavuja tena. Ni kubadilisha."

"Ufa wenyewe ni wa lini?"

"Aa, hapo nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya. Ufa hauna tarehe."

Bei aliyoitaja, sinki jipya pamoja na ufundi, ilimeza karibu amana yote. Mama alivuta pumzi. "Joha mwanangu, sipendi kukufanyia hivi. Lakini daftari linasema sinki lilikuwa zima, na wewe ulikubali. Nitakupa kilichobaki."

Joha hakubishana wala hakulia. Angelia, labda Penina angevumilia vizuri zaidi. Alichofanya ni kulitoa jiko lake dogo la gesi kutoka kwenye ndoo, akachukua kitambaa, akaanza kulisugua. "Nitamwuliza Hana wa chumba cha pili kama atalinunua," alisema. "Kibakwe nitapikia kuni."

Penina alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti cha jikoni.

Aliikumbuka vizuri siku ile ya Novemba. Mama alikuwa amekwenda kwenye msiba Gulwe, na kabla ya kuondoka alimwambia: "Leo atakuja mpangaji wa namba tano. Ingia naye, mkague kila kitu, uandike." Joha alipofika na bajaji iliyobeba godoro, wenzake Penina walikuwa uwanjani wanacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na timu yake ilikuwa imebakiza mtu mmoja. Walikuwa wanamwita kwa jina. Basi Penina alifungua ukurasa wa mpangaji wa zamani wa chumba kile, aliyehama bila kuaga wala kukaguliwa, akaunakili wote pale pale barazani, neno kwa neno, akabadilisha jina na tarehe. Akampa Joha kalamu, akampa funguo, akakimbia. Chumbani hakukanyaga.

Sasa moyo wake ulianza kumtafutia njia. Labda Joha ndiye aliyelipasua. Nani anajua? Fundi mwenyewe amesema ufa hauna tarehe. Na akisema ukweli, mama ndiye atakayeingia hasara, mama huyo huyo anayeinama shambani Hombolo jua kali. Tena yeye mwenyewe atanyang'anywa daftari, na watu wataacha kumsifia. Kila alipofikiria neno "labda" alipata nafuu kidogo, lakini nafuu yenyewe haikukaa. Kitambaa cha Joha kilikuwa bado kinasugua jiko, na Penina alikisikia mpaka pale alipokaa.

Alinyanyuka, akaenda chumba namba tano. Mama alikuwa bado yuko mlangoni, anaagana na fundi Sila.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Siku aliyokuja Dada Joha sikuingia chumbani. Nilinakili ukurasa wa mpangaji wa nyuma, nikaenda kucheza."

Fundi Sila alikohoa, akaangalia viatu vyake. Joha aliacha kusugua.

Mama alimgeukia Penina. "Kwa hiyo ufa ulikuwepo?"

"Sijui mama."

"Hujui?"

"Sijui. Sikuliona sinki siku ile. Ningejua ulikuwepo ningesema ulikuwepo, ningejua haukuwepo ningesema haukuwepo. Nimeandika kitu ambacho sikijui." Machozi yakamtoka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama alinyoosha mkono, akalichukua daftari. Alifungua ukurasa wa namba tano, akaufuata mstari wa sinki kwa kidole, polepole, akiusoma mwenyewe. Alipomaliza alilifunga, akaingia ndani kwake. Penina alidhani amekwenda kutafuta fimbo. Mama alirudi na bahasha.

"Joha, hii ni amana yako, yote. Ihesabu."

Joha alisimama, jiko bado liko mkononi. "Mama, lakini hata mimi niliweka sahihi bila kusoma. Tugawane basi."

"Hapana. Ungekuwa umekosa kusoma maneno ya kweli, tungegawana. Wewe ulipewa maneno ambayo aliyeyaandika hakuyajua, na aliyeyaandika ni wa nyumba yangu. Mimi sikuona ulivyoingia, siwezi kusema umevunja. Nisamehe mwanangu, nilikuwa nakaribia kukudhulumu na daftari nimelishika mkononi."

Penina hakuwahi kumsikia mama yake akimwomba msamaha mtu mwenye umri wa Joha. Maneno yale yalimchoma kuliko fimbo ambayo hakuipata.

"Na mimi naomba unisamehe, Dada Joha," alisema.

Joha aliiweka bahasha kwenye mkoba, akamvuta Penina kwa bega. "Nimekusamehe. Ungeweza kunyamaza, nisingejua maisha yangu yote." Kisha akacheka kidogo, macho yamelowa. "Na kesho Kibakwe nitakagua hata misumari kabla sijashika kalamu. Mwenye nyumba ataniona mkorofi."

"Akuone tu," alisema mama. "Mwenye nyumba mwenye nia njema hachukii mpangaji anayeuliza."

Fundi Sila aliahidi kuleta sinki Jumatatu. Fedha zilitoka kwenye akiba ya mama ya zabibu, na mama hakuficha kwamba zimemuuma. Mchana huo wote, badala ya rede, mama na Penina walipita chumba kwa chumba wakibisha hodi na kuomba radhi kwa usumbufu, wakaandika upya kurasa zote nane. Penina alipanda juu ya viti, akalala sakafuni kuchungulia chini ya masinki, akafungua na kufunga kila dirisha. Chumba cha saba waligundua kitasa kibovu ambacho mpangaji wake alikuwa anaogopa kukisema. Jua lilipoanza kushuka magoti ya Penina yalikuwa mekundu kwa vumbi.

Walipomaliza, Penina alilirudisha daftari kwa mikono miwili. "Mama, utamtafuta mtu mwingine wa kuandika?"

Mama alikaa kwenye kigoda, akamwonyesha akae karibu naye.

"Sikiliza Penina. Daftari hili watu hawalisomi wakiwa wanapatana. Wanalisoma siku wakikosana, na siku hiyo kila mmoja analiamini kuliko anavyomwamini mwenzake. Ukiandika ambacho hukukiona, hata kwa mwandiko mzuri namna gani, unamtia mtu hatiani na wewe uko uwanjani unacheza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Lakini leo niliuliza swali mbele ya watu, ukanijibu 'sijui', na jibu hilo limekugharimu. Mtu anayeweza kusema 'sijui' pale ambapo hajui, akiniandikia 'nimeona' nitamwamini." Mama akaliweka daftari mapajani mwa Penina. "Endelea kuandika. Ila kuanzia leo uandike ukiwa ndani ya chumba."