Afande Aliambiwa Asirudi

"Mama, siku ile ulimwambia nini Afande?"

Mama alikuwa anapiga pasi. Akaiacha pale pale mpaka shati likaanza kunuka kuungua.

"Siku ipi?"

"Usinizungushe, mama. Nimeipata pale ofisini kazini namba ya ghala alikohamia, nimempigia. Anasema hakuniacha. Anasema ulimkataza."

Afande ni jina alilopewa mchumba wa binti kwenye kiwanda cha mikate. Alitumikia jeshi miaka kumi na minane, akastaafu, akaja kuendesha lori la mikate. Binti alikuwa mfungashaji pale pale, ndiko walikopendana. Madereva wenzake walimcheka Afande jinsi alivyokagua tairi kila asubuhi kama anaenda vitani, kumbe anapeleka mikate madukani. Lakini mikate yake haikuchelewa hata siku moja.

Siku ya kuja kujitambulisha aliambiwa saa kumi. Kasorobo alishafika, viatu vinang'aa, akasimama nje mpaka saa ikatimia. Mama moyo ulishajaa maneno ya watu, kwamba wanajeshi waliostaafu wana hasira za karibu, wanashtuka usingizini, wanapiga wake zao. Akaona ampime. Wachumba aliowajua yeye walikataliwa, wakanuna, kisha wakarudi na wajomba zao kubembeleza. Binti akiwa jikoni anaandaa chai, mama akakaza uso:

"Binti yangu simpi mtu wa bunduki. Usikanyage hapa tena, wala usimtafute."

Afande akasimama wima.

"Nimeelewa, mama."

Binti alipotoka na sinia akakuta kiti kitupu. Mama akamwambia Afande amebadili mawazo.

Wiki ikapita, mwezi ukapita, mjomba wa mtu haonekani. Afande aliomba kuhamia ghala la mji mwingine. Jumbe za binti hazikujibiwa. Binti akakonda mwaka mzima, na mama akawa anamwambia wanaume ndivyo walivyo.

"Nilidhani atarudi," mama alisema sasa. "Nilisema tu, mwanangu."

"Mama, yule maisha yake yote anaambiwa simama, anasimama. Ukimwambia asirudi, harudi."

Mama akaomba simu. Binti akapiga ghalani, akaomba aitiwe Afande, akaweka spika.

"Mwanangu, ni mimi mama yake. Nilikosea. Nilikuwa nakupima tu. Rudi."

Upande wa pili, nje ya ghala, injini ya lori ikazimwa.

"Ungeniambia ni mtihani, mama, ningekaa mlangoni mpaka unichoke."

"Basi njoo hata leo."

"Siwezi. Mwezi uliopita nimetoa neno la ndoa kwa mtu mwingine, anapika kantini ya hapa. Ananisubiri."

"Na binti yangu humpendi tena?"



"Neno nimeshalitoa, mama. Mwambie... Hapana. Usimwambie kitu."

Simu ikakatika. Mama akanyoosha mkono amshike mwanawe. Binti akasogea kidogo tu, kwa adabu, kama anayempisha mtu njiani.

Nyie wenye mabinti, mtu ukitaka kumjua muulize maswali yako, akujibu. Usimtege.

Binti bado anaishi na mama yake. Anamsalimia vizuri, kazi zote anamsaidia. Akiulizwa kama kuna mtu moyoni, anajibu, "Hakuna, mama." Na mama hana tena namna ya kujua kama ni kweli.