Shati Lililokula Majina

Saa moja na nusu asubuhi, mashati mia sita ya Sekondari ya Mkwajuni Mpya yalijichomekea yenyewe. Kola zikasimama, vifungo vikajifunga, na wanafunzi waliokuwa ndani, wengine bado wanatafuna mihogo, wakajikuta nadhifu bila kuulizwa. Hiyo ndiyo shatihai. Katika kila uzi wake ziliishi chembedobi, mashine ndogo kuliko vumbi, zenye kazi moja tu: chochote kisicho shati, zikile. Chai, jasho, mchuzi wa maharage. Kabla ya dakika tatu, hakipo. Tangu zije, hakuna mwanafunzi aliyechapwa kwa kola chafu. Walimu walibaki na sababu nyingine, nazo hazikupungua.

Aliyezibuni ni Mhandisi Nyamizi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa kwenye chumba cha matengenezo, macho mekundu, kifungo cha koti kinaning'inia. Yeye alivaa nguo za kawaida, na zilikuwa zinamsema.

Wakaingia wawili wa Kidato cha Nne: Pendaeli, na Ngusa aliyeshika kalamu ya wino mzito.

"Shikamoo, Mama Mhandisi."

"Marahaba. Shati limefanya nini tena?"

"Limenila," alisema Ngusa. "Nimemwandikia huyu mgongoni, 'Ngusa, mtanashati wa Nne B.' Nafika kwenye 'mtanashati', Ngusa hayupo."

"Limeona uongo, likafuta," alisema Pendaeli, bila kucheka.

Ilikuwa siku yao ya kumaliza shule. Tangu enzi za bibi zao, wanaomaliza huandikiana majina na salamu kwenye mashati. Wenzao walishakata tamaa, wanaandikiana mikononi. Pendaeli hakuweza. Kesho mchana angepanda chombo kwenda migodi ya Mwezini, mkataba wa miaka kumi na miwili, na kila mchimbaji aliruhusiwa kubeba nguo moja ya nyumbani. Kingine chochote, hapana. Naye alikuwa amechagua shati hili la shule.

"Si watakutumia picha?" aliuliza Nyamizi.

"Picha ninazo hadi zinanichosha, Mama. Nataka mwandiko wao."

"Chembedobi nikizizima hazifufuki. Na shule imeniandikia kabisa: nikiua shati moja, nifungashe virago."

"Basi. Tulijaribu." Pendaeli akageuka kuondoka, taratibu, kama mtu aliyezoea kugeuka.

Nyamizi alishusha pumzi. "Rudi. Nimechoka kuogopa shati nililolizaa mwenyewe."

Akagusisha kizimio kwenye kola. Kabla ya kufa, shatihai hutoa ripoti ya maisha yake yote, nayo ikapanda kwenye kioo cha ukutani. *Chai: mara 388. Mchuzi: mara 611. Machozi: mara 902. Yote yamekaushwa.*

Nyamizi aliikumbuka orodha ya uchafu wa kuliwa na chembedobi. Aliiandika mwenyewe, akaweka machozi katikati ya mate na mchuzi, akaenda kula. Kila mahafali mkuu wa shule alijisifu kwamba hapa mtoto halii, naye Nyamizi alipiga makofi.

"Mia tisa?" Ngusa alinong'ona. "Wewe? Si tunakaa dawati moja?"

"Nilikuwa nainamia kola. Ikikauka, nainuka." Pendaeli aliitazama sakafu. "Mama alipofariki, tukiwa Kidato cha Pili, mwalimu alinisifu darasani. Alisema nimejikaza."

Nyamizi akabonyeza.

Shati likalegea. Pindo likachomoka, kola ikalala. Ngusa akaandika mgongoni, safari hii bila mtanashati. Kisha akatoka mbio kuwaita Nne B. Wakajaa chumbani, wanasukumana, wanagombea mabega, huku Nyamizi akikusanya vifaa vyake kwenye begi.

Chozi la Pendaeli likadondoka kifuani. Dakika tatu zikapita, likiwa bado pale, limelowesha maandishi.

"Wewe!" Ngusa alifoka. "Usililie jina la watu, linachuja!"

"Liache," alisema Pendaeli. "Liache lichuje."