Chuma Kilichooshwa kwa Ndimu

Kila asubuhi, kabla ya saa tatu, Tasnim alifuta mizani kwa kitambaa chenye maji, akajimiminia chai ya iliki na kuinywa amesimama, macho yakiwa mlangoni. Duka la kutuma vifurushi pale Plano likishafunguliwa, hakuna tena nafasi ya kunywa kitu.

Jumatatu ile hakumaliza hata funda la kwanza. Foleni ilikuwa imefika nje, mwenzake akafungua mlango mapema, na kitu kirefu kilichofungwa kitambaa cha bluu kikatua juu ya mizani mbele ya kikombe chake.

"Mna nini humu?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Upanga," alijibu kijana mmoja mrefu mwenye koti la jinzi, kwa utulivu wa mtu aliyeleta vitabu.

Mzee aliyesimama nyuma yake alirudi hatua mbili.

"Upanga wa kweli?"

"Wa Kijapani. Umeizidi nchi hii umri."

Tasnim hakujua acheke au amwite meneja. Simu ya kijana ikalia, naye akapokea kwa Kiswahili cha Mombasa, "Naam, Mama. La, sijala. Mama, nitakula. Mahamri nimeyaacha garini."

Tasnim aliinamisha kichwa. Mtandio wake wa rangi ya zabibu ulimficha macho tu, mdomo ukabaki nje.

"Wacheka nini?" kijana akamuuliza kwa lugha ileile, kwa kubahatisha.

"Sijacheka."

"Umecheka. Nimeona."

"Basi nenda ukale mahamri yako," alisema Tasnim, akajishangaa. Hakuwa na kawaida ya kumtania mtu asiyemjua. Akaandika anwani aliyopewa: M. Rwegasira, Pearland. "Huyu Bwana Rwegasira anajua kuwa anatumiwa upanga?"

"Ajua," alisema kijana. Hakusahihisha neno Bwana, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa akitafuta namna ya kuomba namba ya simu.

Aliitwa Sufyan. Alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya jirani, na jioni, nyumbani kwa mama yake huko Cedar Hill, alitengeneza panga za Kijapani za zamani. Alianza kumpigia Tasnim kila siku saa ya chakula cha mchana.

"Kwa hiyo unazinoa?" aliuliza Tasnim siku moja.

"Mimi? Nikatwe mkono. Kunoa ni kazi ya mtu aliyekaa na mwalimu wake Japani miaka kumi. Mimi nafunga mipini, nachonga ala. Mpini huvishwa ngozi ya taa, kisha juu yake waufuma uzi wa hariri."

"Taa samaki? Sisi Unguja tunamla."

"Nyinyi mwala kila kitu, habibti. Hata mpini wa upanga mngeutia nazi."

Tasnim alicheka mpaka mteja akamtazama. Habibti ile aliisikia masikioni mpaka jioni.

Ilipofika katikati ya Aprili alikuwa ameshakwenda Cedar Hill mara tatu. Sufyan alifanyia kazi katika gereji, na mlango wa gereji uliachwa wazi ili Bi Khairiya, mama yake, aliyekuwa akikaanga vitu jikoni, awaone na kuwasikia. Mara ya pili Tasnim alipelekwa na kaka yake, Muzammil, dereva wa lori aliyependa pia kuuza vitu vya zamani mtandaoni. Muzammil aligusa kila kitu, akauliza bei ya kila kitu, akala sambusa saba. Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo yeye ndiye walii wa Tasnim, wa kumwoza. Njiani kurudi alisema, "Huyu jamaa ana wazimu wa kistaarabu. Akija na watu wake, sitamfukuza."

Ikapangwa. Mjomba wa Sufyan angekuja kutoka Minneapolis Ijumaa ya mwisho ya Mei kuleta posa.

Ile mara ya tatu, Sufyan alipokwenda kupokea simu ya kazi, Tasnim aliona kwenye kisahani duara la chuma lenye tundu katikati. Alikwisha kufundishwa. Linakaa kati ya mpini na upanga, kukinga mkono, na Wajapani huliita tsuba. Upande mmoja palichongwa kaa mdogo, makucha juu. Lakini lilikuwa limejaa kutu ya kahawia, karibu nyeusi. Masikini, aliwaza, hapati nafasi hata ya kusafisha. Akalitia mkobani, akakusudia kulirudisha Jumapili kama zawadi.

Kwao, wiki moja kabla ya Idi, wasichana wote walikaa uani na masinia ya shaba, ndimu na chumvi. Tasnim alilifanyia duara lile kazi hiyohiyo, akaongeza sufu ya chuma ya kusugulia sufuria. Siku mbili alisugua. Kaa akatoka mweupe kama kijiko kipya. Alimpiga picha, akawa karibu kuituma, simu ikalia.

"Habibti," alisema Sufyan, "leo nimeudhika. Kuna mtu San Antonio ameng'arisha tsuba ya zamani kwa mashine. Ameiua."

"Ameiua vipi?"

"Kutu ile ndiyo umri wake. Rangi yake ndiyo heshima yake. Ukiitoa, umebaki na kipande cha chuma. Mtu kama huyo sijui ningemwambia nini."

Tasnim alifuta picha. Kaa akazungushiwa kitambaa cha pamba na kuwekwa chini kabisa ya sanduku la nguo. Nitamwambia kesho, aliwaza. Kesho akawaza vilevile.

Sufyan alichukua siku nne kugundua kwamba tsuba haipo. Aliinua mikeka, akamwaga mapipa ya vumbi la mbao. Hakukumbuka aliiona lini mara ya mwisho. Tsuba ile haikuwa yake. Ilikuwa ya upanga wa mteja, na mteja alimwamini. Akamkumbuka kila aliyepita pale. Mama yake haingii gereji kwa sababu ya vumbi. Tasnim hakumfikiria hata kidogo. Alikumbuka mikono ya Muzammil ikiinua kitu hiki na kile. *Hiki kinauzwa ngapi, shemeji?*

Kuanzia hapo simu za mchana zikapata baridi.

"Muzammil hajambo?" aliuliza siku moja.

"Hajambo. Yuko njiani, Oklahoma."

"Bado yuwauza vitu vyake mtandaoni?"

"Anauza. Kwa nini?"

"Naulizia tu."

Tasnim alikaa na neno hilo, *naulizia tu*, mkono shavuni. Kwa nini amuulizie kaka yake kama polisi? Jibu lilimjia, akalisukuma, likarudi. Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kusema, naye hakusema. Akiogopa hivyo, akaanza na yeye kutafuta kosa la mwenzake, na kosa likapatikana haraka. Jumamosi nne mfululizo Sufyan alikwenda Houston.

"Kuna nini huko?"

"Mteja tu. Pearland."

"Yule Bwana Rwegasira? Si ulimtumia upanga wake?"

"Ana panga nyingi."

Katikati ya Mei akapiga tena, sauti imekauka. "Tasnim, naomba tuahirishe kidogo ile Ijumaa ya mjomba."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Kidogo tu."

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, Tasnim alimpigia. Ilipokelewa na mwanamke.

"Sufyan? Hawezi kusema sasa hivi, mama, ana karatasi mdomoni. Nimwambie nani?"

Sauti laini, ya mtu aliyekuwa akicheka kabla ya kupokea. Tasnim alikata simu. Habari ya karatasi aliijua. Upanga ukiwa nje ya ala, pumzi na mate huuletea kutu, kwa hiyo Sufyan alibana karatasi kati ya midomo ili asisahau akaongea. Ni siri aliyomwonyesha yeye, akidhani ni ya wawili. Kumbe na huyu anaijua. Na *M* siyo Bwana.

Anwani aliikumbuka, aliiandika kwa mkono wake. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa kijani aliouweka kwa ajili ya siku ya posa, akachukua kitambaa cha pamba kutoka chini ya sanduku bila kujua hasa kwa nini, akaingia katika Corolla yake. Barabara ya 45 ilimtisha tangu siku ya kwanza. Kila lori lililompita lilitikisa gari zima. Kufika Corsicana alikwisha kutunga maneno makali. Huntsville aliyasahau. Alipoingia Pearland, saa tisa alasiri, alibaki na swali moja tu: ikiwa kweli yupo mwanamke, mimi nimekuja kumshitaki au nimekuja kufurahi kwamba na yeye ana kosa?

Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka sitini hivi, gauni la kitenge, miwani ikining'inia kifuani, nywele nyeupe zimekatwa fupi.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye uliyekata simu?"

Tasnim alitamani ardhi immeze. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Melania. Pita, usisimame juani."

Melania Rwegasira alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa Bukoba. Mumewe, mhandisi Gaudence, alisomea Japani ujanani, akarudi na mapenzi ya panga yaliyozidi hata ya vyeti vyake. Mwaka juzi alifariki. Haya aliyaeleza wakiwa bado kwenye ukumbi mwembamba uliojaa harufu ya ndizi na samli.

"Na huyu wako," alisema akionyesha sebuleni, "Jumamosi ya tano hii. Anakuja, anashona mipini, anakula, anafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, anaufunga, anaondoka. Nilifikiri anataka kunichumbia mimi."

Sufyan alikaa sakafuni kwenye shuka jeupe, aproni ya turubai kifuani, upanga ukiwa wazi mapajani, karatasi midomoni. Alimwona Tasnim, macho yakamtoka. Lakini mikono haikuharakisha. Alifuta mafuta, akaurudisha upanga katika ala polepole, kisha akatoa karatasi.

"Umefikaje hapa?"

"Kwa gari."

"Peke yako? Njia ile?"

Tasnim aliingiza mkono mkobani. Alifungua kitambaa, akakiweka juu ya meza ndogo. Kaa aling'aa.

Melania alivaa miwani, akainama, akagusa chuma kwa ncha ya kidole.

"Ni cha Gaudence," alisema. "Alikuwa akikisugua kwa kitambaa kila Jumapili tukitoka misani. Miaka thelathini." Akakaa kwenye kochi. "Imekuwaje?"

"Mama Melania, nisamehe," alisema Sufyan. "Kilipotea kwangu. Wiki tano nakuja nikuambie, nashindwa." Kisha akamgeukia Tasnim, sauti imeshuka. "Umekipata wapi? Kwa Muzammil?"

"Ni mimi niliyekichukua."

"Usimfiche kakako, Tasnim. Nalijua zamani."

"Unajua nini? Hujui kitu. Ni mimi."

"Wewe huchukui kitu cha mtu. Nakujua."

Hilo, kuaminiwa kwa kosa, lilimuuma kuliko kuitwa mwizi. Alizungumza macho kwenye zulia, lakini alizungumza.

"Ndimu tano, chumvi, na ile sufu ya sufuria. Nilianza kwenye kaa, kwenye makucha, kwa mswaki. Siku mbili. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, kazini nilivaa glavu. Nilidhani ni uchafu. Nilitaka mama yako akione aseme msichana huyu mikono yake ina kazi. Halafu ukanisimulia yule mtu wa San Antonio, nikaogopa utaniacha. Na ulipomuulizia kaka yangu nilielewa unachofikiri, nikanyamaza. Hilo ndilo baya kuliko yote. Nikaona ni rahisi kukushuku wewe na..." Alimtazama Melania.

"Na mimi," Melania alimalizia. "Kwa umri huu. Asante." Lakini hakucheka. Alikigeuza kile chuma kiganjani. "Sitakuambieni si kitu. Ni kitu. Leo nimeondokewa na jambo jingine la mume wangu."

"Chuma kitakuwa cheusi tena," alisema Sufyan taratibu. "Si kama alivyokiacha yeye. Kinataka mikono tu, na miaka."

"Miaka sina mingi. Nipeni nikishike leo." Akainuka, akaelekea jikoni nacho. Wakasikia anafungua bomba, kisha analifunga bila kuosha kitu.

Walibaki wawili, na upanga katikati yao.

"Kwa hivyo ulipoomba tuahirishe," alisema Tasnim, "ni kwa sababu ya kaka."

"Ningemuombaje mtu binti wa baba yake, nami moyoni namwita mwizi? Na singeweza kukwambia. Ni kakako. Ungechagua nani?"

"Ungeuliza tu."

"Nawe ungesema tu."

"Ningesema."

Sufyan alivua aproni, akaikunja mara mbili bila haja. "Yaani kila siku nalimsalimia kupitia kwako. *Muzammil hajambo?* Astaghfirullah."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Mimi nimeendesha saa tano na malori. Wewe bonyeza kitufe tu."

Sufyan aliitoa simu. Tasnim aliona vidole vile, vilivyoweza kupitisha uzi wa hariri bila kukosea hata mara moja, vikikosea namba. Iliita mara nne. Upande wa pili palikuwa na mngurumo wa injini.

"Shemeji," alisema Muzammil kwa furaha, "nimesikia umeahirisha. Umekimbia sambusa zetu, au ni mimi nilimaliza zenu? Sema kweli, mimi mtu mzima."

Sufyan alimtazama Tasnim. Tasnim hakumsaidia.

"Muzammil, kuna kitu kilipotea gerejini kwangu, na wiki tano nimedhani ni wewe uliyekiiba. Hukuiba. Nimekukosea, nakuomba radhi. Nataka kumuoa dada yako, na nataka uwe wewe wa kunikubalia au kunikataa."